Kutoka Buigiri hadi Lugalo: Elimu maalumu ilivyopanda Nyanda za Juu Kusini

Mwanafunzi asiyeona wa kidato cha tatu akimaliza jaribio la Historia, karatasi yake haiendi moja kwa moja kwa mwalimu wa somo. Hupitia kwanza kwenye chumba cha kitengo cha elimu maalumu. Humo mwalimu hufuata mistari ya nukta nundu, na juu ya kila mstari huandika kwa kalamu maneno yaleyale katika maandishi ya kawaida, bila kuongeza wala kupunguza. Akishamaliza, ndipo mwenzake wa Historia anaposahihisha. Mwalimu huyo akiugua, kazi inalala. Akihamishwa bila mwingine kuletwa, wanafunzi wote wasioona wanakwama.

Wanaotaka kujua elimu maalumu ya sekondari imefika wapi Iringa na Mbeya waanzie kwenye chumba hicho. Historia ya elimu hiyo inatufundisha kwamba kumpokea mtoto shuleni ni jambo moja, na kumfundisha ni jambo jingine. Hilo la kwanza tulilianza mapema. La pili bado tunalihangaikia.

Makanisa yalitangulia

Mwaka 1950 Kanisa la Anglikana lilifungua shule ya wasioona Buigiri, Dodoma, ya kwanza katika Tanganyika. Miaka ya mwanzo ya 1960 zikafuata Furaha ya Tabora na Irente ya Lushoto kwa wasioona, na mwaka 1963 Kanisa Katoliki likaanzisha shule ya viziwi Tabora. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa Nyanda za Juu Kusini.

Si kwamba huku hakukuwa na shule. Wamoravian na Walutheri walifika Rungwe na maeneo jirani mwaka 1891, na madarasa yao yakaanza mapema. Shule ya Malangali, iliyofunguliwa mwaka 1928, ilivuma hadi nje ya nchi kwa kujaribu kujenga elimu juu ya mila za wenyeji. Lakini mzazi wa Tukuyu au Mufindi aliyekuwa na mtoto asiyeona alikuwa na mambo mawili ya kuchagua: kumpeleka mbali, Dodoma au Tabora, akakae huko karibu mwaka mzima, au kumwacha nyumbani. Wengi waliwaacha nyumbani, na hatuwezi kuwalaumu kirahisi.

Mabadiliko yalianzia Dar es Salaam. Katika miaka ya 1960, Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko ilianza kuwasomesha wasioona pamoja na wanaoona. Huo ndio mfumo wa kitengo: mtoto anakaa darasani na wenzake, na pembeni kuna chumba chenye vifaa na mwalimu aliyesomea kazi hiyo. Azimio la Musoma la 1974 liliweka lengo la elimu ya msingi kwa wote, utekelezaji ukapamba moto mwaka 1977, na Sheria ya Elimu ya 1978 ikamlazimisha mzazi kumwandikisha mtoto. Mwaka 1976 mafunzo ya walimu wa elimu maalumu yalianzishwa Chuo cha Ualimu Tabora. Baadaye kazi hiyo ikashikwa na Chuo cha Patandi, Arusha, ambacho wahitimu wake ndio wanaoshikilia vitengo vingi hadi leo.

Vitengo vyafika huku

Mfumo huo ukapanda hadi huku. Mafinga kukawa na Shule ya Msingi Makalala, inayopokea wasioona. Rungwe kukawa na Katumba II, yenye watoto wa mahitaji mbalimbali. Katikati ya miaka ya 1990, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri lilifungua shule ya viziwi Njombe, wakati Njombe ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Iringa kabla ya kumegwa mwaka 2012. Jijini Mbeya, shirika la Child Support Tanzania likaja na shule ya awali jumuishi, ambako mtoto mwenye ulemavu na asiye nao wanaanza pamoja.

Mazingira ya huku yana masharti yake. Asubuhi ya Juni, baridi inapouma Mafinga au Njombe, vidole vinakufa ganzi, na asiyeona husoma kwa ncha za vidole. Kwenye miteremko ya Rungwe, mvua ikinyesha, baiskeli ya magurudumu matatu haisogei kwenye tope. Ndiyo maana bweni, kwa mtoto wa huku, ni sehemu ya elimu yenyewe.

Mlima wa sekondari

Lakini elimu ya msingi ina mwisho wake. Iringa Mjini, Shule ya Sekondari Lugalo ni miongoni mwa sekondari zinazopokea wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Hapo kazi ya kitengo inakuwa nzito zaidi. Kitabu kimoja cha kiada kikigeuzwa nukta nundu huwa majuzuu kadhaa manene. Mashine ya Perkins ya kuandikia nukta nundu ina vibonye sita vya nukta na kimoja cha nafasi, nayo ikiharibika, fundi wake haonekani kila mtaa.

Kwa miaka mingi wasioona wengi waliondolewa kwenye Hisabati na sayansi wakaelekezwa masomo ya sanaa. Mara nyingi sababu haikuwa akili zao. Michoro ya kugusa haikuwepo, na mwalimu wa Hisabati anayejua nukta nundu alikuwa adimu.

Kiziwi naye hukutana na ukuta mwingine. Shule ya msingi alisoma Kiswahili cha maandishi, ambacho hajawahi kukisikia. Kidato cha kwanza masomo yanageuka kuwa ya Kiingereza. Neno la Baiolojia lisilo na ishara mwalimu hulitaja herufi moja moja kwa vidole, na wanaosikia tayari wamehamia sentensi ya tatu. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kilitoa kamusi ya lugha ya alama mwaka 1993, lakini msamiati wa masomo ya sekondari unahitaji kazi zaidi.

Serikali imepiga hatua. Baraza la Mitihani humwongezea mtahiniwa mwenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 katika masomo mengine, na wenye uoni hafifu huandaliwa karatasi zenye maandishi makubwa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu.

Kuna pia swali la baada ya shule. Mwaka 2003 Kanisa la Anglikana, Iringa, lilianzisha karakana ya Neema Crafts kwa vijana watatu viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi. Leo mgeni akiingia kwenye mgahawa wake huagiza chakula kwa ishara, na wenye ulemavu wanajipatia riziki kwa mikono yao. Kumbe uwezo upo, mradi kijana afunzwe na mtu anayejua kumfunza.

Hapo ndipo pa kuweka fedha na usimamizi. Sekondari inayopewa wanafunzi wenye mahitaji maalumu ipewe walimu wa kitengo wasiopungua wawili, ili mmoja akihama kazi isisimame. Ipewe karatasi nzito za nukta nundu kabla muhula haujaanza, na fundi wa mashine anayejulikana. Buigiri ilianzishwa na watu waliokataa kusubiri mambo yote yakamilike. Halmashauri zetu zina sheria, zina mkakati wa elimu jumuishi, na zina miaka zaidi ya 70 ya kujifunza. Ziajiri walimu hao.