Mtoto wa chifu, lodi wa Uskoti na mwaka 1963

Kambarage Nyerere, aliyekuja kuiongoza Tanganyika, aliandikishwa Shule ya Mwisenge, mjini Musoma, mwaka 1934, akiwa na miaka 12. Baba yake alikuwa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, mke wa tano wa chifu huyo. Kutoka Butiama, kijijini kwao, ni kama kilometa 40, kwa hiyo alilala bweni. Inasimuliwa kwamba Chifu Ihunyo, aliyezoea kucheza bao na mtoto huyo, ndiye aliyemshauri Burito ampeleke shule. Masomo ya miaka minne aliyamaliza kwa mitatu, akaenda Tabora.

Tumezoea kumwita mtoto wa chifu kana kwamba kiti kilikuwa kinamsubiri. Hapana. Burito alipofariki mwaka 1942, alirithiwa na Edward Wanzagi, kaka yake Kambarage kwa baba. Tena uchifu wenyewe haukuwa na mizizi mirefu Uzanaki. Kabla ya Wajerumani, waliosikilizwa ni wazee wa rika na waganga wa mvua. Wakoloni ndio waliotaka mtu mmoja wa kumpa amri na kumdai kodi. Aliyekulia nyumbani kwa chifu aliyajua hayo, na nadhani ndiyo maana baadaye mkono haukumtetemeka alipoufuta.

Mwaka 1949 alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Edinburgh, akahitimu 1952. Miezi yake ya mwisho huko, Waziri wa Nchi wa Uskoti alikuwa Lodi Home, wa 14 katika ukoo wake kushika ulodi huo. Home aliingia bungeni kwa kura mwaka 1931. Baba yake alipofariki mwaka 1951, akarithi ulodi, na sheria ikamtoa kwenye viti vya wabunge na kumpeleka Baraza la Malodi, atake asitake.

Ukafika 1963. Julai, Uingereza ilipitisha sheria ya kumruhusu lodi wa kurithi kukana cheo chake. Oktoba, Waziri Mkuu Macmillan aliugua na kujiuzulu, na chama kikamwangukia Home. Akauvua ulodi, akaenda kugombea ubunge Uskoti. Kwa majuma mawili hivi nchi iliongozwa na mtu asiye lodi wala mbunge. Wapinzani walimcheka, hasa kwa kuwa alishakiri mwenyewe kwamba akisoma hesabu za uchumi hupanga njiti za kiberiti ili azielewe.

Mwaka huohuo Tanganyika ilifuta mamlaka ya machifu wote. Butiama haikupewa msamaha. Mtemi Abdallah Fundikira wa Unyanyembe alijiuzulu uwaziri mwaka huo. Chifu Adam Sapi Mkwawa yeye aliendelea kuwa Spika. Home alikivua cheo chake ili apande, na wengi wa malodi wenzake wakabaki walipo. Nyerere, asiye na kiti cha kuvua, aliviondoa vya wengine.

Miezi michache baadaye Nyerere alimhitaji Home. Januari 20, 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi Dar es Salaam, wakitaka mishahara mizuri na maofisa wa Kiingereza waondoke. Nyerere alijificha, kisha ikambidi aombe msaada London, kwa serikali ya Home. Alfajiri ya Januari 25 makomando wa Kiingereza waliteremka kwa helikopta kutoka meli ya kivita Centaur. Maasi yakazimwa siku hiyohiyo. Nyerere hakuificha aibu yake ya kuwaita wakoloni wa jana.

Home alishindwa uchaguzi Oktoba 1964. Alirudi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje mwaka 1970, safari hii akivutana na Nyerere kuhusu kuiuzia Afrika Kusini silaha na makubaliano ya Home na Ian Smith wa Rhodesia. Mwaka 1974 akarejea Baraza la Malodi, kwa cheo cha maisha yake tu, kisichorithiwa na mtoto.

Nyerere alifariki Oktoba 14, 1999. Mwezi uliofuata Uingereza iliwatoa bungeni malodi wa kurithi, ikabakiza 92.