Penseli ya Mnadani

Nilipoajiriwa ukarani katika kampuni moja ya kununua chai Mombasa, mwaka 1996, kitu cha kwanza nilichokatazwa kilikuwa kugusa katalogi ya mzee mwenye kampuni. Katalogi zenyewe hazikuwa siri. Madalali walizigawa kwa kila mnunuzi, na ndani mlikuwa na loti, kiwanda, daraja na kilo. Ya mzee ilikuwa na penseli. Akishaonja, aliandika pembeni mwa kila loti senti za mwisho atakazotoa, na siku ya mnada aliifunika kwa kiganja kama mtoto wa shule anayeogopa kuibiwa majibu.

Mnada huo ulianzia Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa 1969, karibu na bandari. Bei zilitajwa kwa senti za dola, kwa kuwa shilingi iliachwa mwaka 1992. Watu walipandishana kwa sauti, na mzee alikuwa akimtazama mshindani wake shingoni: mtu aliyekaribia kikomo chake, alisema, humeza mate. London ilifunga mnada wake Juni 1998. Sisi tuliendelea kupiga kelele.

Kazi ngumu ilikuja jioni, ofisini. Faili moja la Excel lilikuwa na chai iliyonunuliwa, la pili mikataba ya Karachi na Alexandria, la tatu dola na deni la benki, na hayakukubaliana hata siku moja. Nilitakiwa kumwambia mzee tumebeba kilo ngapi ambazo bado hazina mwenyewe. Ukibeba kilo 200,000, na wiki ijayo bei ishuke senti 10, umepoteza dola 20,000 kabla hujapakia kontena.

Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo intaneti ilitoka kwenye setilaiti, ghali na ya kusuasua, na asingetokea mwenye akili wa kuweka hesabu zake huko. Baada ya nyaya wakaja wauzaji wa programu za kukodi: mafaili yote matatu mahali pamoja, hatari ya bei ikionekana muda wote, hesabu zikitunzwa kwenye wingu. Mzee alimsikiliza mmoja wao hadi mwisho, akauliza swali moja.

"Hilo wingu liko nchi gani?"

Akaambiwa Ireland.

"Kwa hiyo bei zangu zitalala Ireland, mimi nilale Mombasa?"

Februari 2012 nanga ya meli ikaukata waya wa TEAMS nje ya bandari yetu. Sijawahi kumwona amefurahi kama wiki ile.

Kisha yakatufika yetu. Kompyuta iliyotunza kumbukumbu zote za kampuni ilikaa chini ya kiyoyozi, na kiyoyozi kikavuja usiku kucha. Wiki mbili tulikuwa tukijenga upya hesabu kutoka kwenye karatasi za mikataba. Nikajipa moyo, nikamkumbusha habari ya wingu. "Dalili ya mvua ni mawingu, mwanangu," akasema. "Hapa imenyesha bila wingu. Likiwepo je?" Akanunua kompyuta nyingine, akaiweka juu ya meza.

Wakati ule nilimwona mkaidi. Siku hizi naona alikuwa na haki nusu. Kikomo cha bei ndio mtaji wa mnunuzi. Akikijua mshindani, atakupandisha hadi pale pale kisha akuachie mzigo. Hata sheria ya data ya Kenya ya mwaka 2019 hulinda taarifa za mtu binafsi, si senti zilizoandikwa pembeni mwa loti. Hizo hutegemea zaidi mkataba wako na mwenye programu. Microsoft ilipofungua vituo vya data Afrika Kusini mwaka huo huo, muuzaji alirudi na habari njema kwamba wingu limesogea. "Cape Town nako si Changamwe hapa," mzee akamjibu.

Kilichomaliza ubishi ni korona. Mwaka 2020 ukumbi ulifungwa na mnada ukahamia kwenye skrini. Waliozoea kupaza sauti wakakaa ofisini kimya, wakibonyeza, na shingo za kutazamwa zikaisha. Mimi hilo ndilo ninalolikumbuka kwa huzuni, kuliko karatasi. Bei tulizonunulia sasa zilikuwa tayari mtandaoni, kwa hiyo kuficha mafaili matatu hakukuwa na maana kubwa. Mwana wa mzee akalipia programu. Kwa mara ya kwanza niliona kilo tulizobeba kabla ya saa sita mchana.

Mzee alikubali kwa sharti moja. Nilistaafu mwaka 2022, na hadi siku hiyo safu ya bei ya kikomo katika programu ile ilikuwa tupu.