Susu na Mwanamume Mmoja

Susu alifariki mwaka 2001 hapa Ndithini, na kwenye matanga hakuna aliyetaja ugonjwa. Wazee walisema ni "tumbo". Nyuma ya jikoni, wanawake waliokuwa wakichambua mchele walikuwa na stori nyingine: eti kansa ya huko chini haimpati mwanamke hivi hivi. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilibeba sufuria yangu, nikabeba na hayo maneno.

Susu alikuwa na mwanamume mmoja maisha yake yote. Aliolewa naye, akamzika, basi.

Kusema ukweli, wale wanawake hawakuokota hiyo fikra hewani. Mwaka 1842 daktari Mwitaliano, Domenico Rigoni-Stern, alieleza alichokiona katika rekodi za vifo za mji wa Verona za kuanzia 1760 hadi 1839. Masista wa kanisa walikuwa wakifa kwa kansa ya kizazi mara chache sana kuliko wake za watu, ilhali kansa ya matiti iliwapata wao zaidi. Sababu hakuijua. Ilibidi dunia ingoje hadi 1983, Harald zur Hausen na wenzake huko Ujerumani walipokipata kirusi cha HPV aina ya 16 ndani ya uvimbe wa mlango wa kizazi, kisha aina ya 18 mwaka uliofuata. Mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Nobel.

Lakini hebu rudi kwa hesabu ya Verona. Waliolinganishwa na masista ni wake za watu, wanawake wa ndoa, wa kupika na kulea. Miaka ya 1990 watafiti nchini Hispania waliamua kuwauliza waume. Wakakuta kwamba mume akiwa amepitia wanawake wengi, hasa makahaba, hatari inamwangukia mke wake. Na huyo mume mara nyingi hana dalili yoyote. HPV kwa watu wengi huisha yenyewe ndani ya miaka miwili hivi. Ikikataa kutoka, inaweza kuchukua miaka 15 hadi 20 kugeuka kansa. Mwanamume naye hajaachwa: kuna kansa ya uume, ya koo na ya njia ya haja kubwa. Mwaka 2020 ulitoka utafiti wa Uingereza uliohusu watu 5,722 wa miaka 50 kwenda juu. Wanaume waliosema wamewahi kuwa na wapenzi kumi au zaidi walikuwa na uwezekano wa kuwa wamewahi kupata kansa uliozidi kwa asilimia 69 ule wa waliokuwa na mmoja au hakuna. Kwa wanawake, 91. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi chanzo, lakini angalau uliwauliza wote wawili.

Huku kwetu nani aliwahi kuwauliza wanaume?

Babu alienda Nairobi mwaka 1954. Aprili ya mwaka huo Waingereza walifanya Operesheni Anvil, wakawakamata maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru jijini, na kazi zilizobaki wazi zikachukuliwa na watu wa makabila mengine, Wakamba wakiwemo. Kwenda mjini hakukuwa anasa. Serikali ilitaka kodi, na ng'ombe ilikuwa imeshawahi kuwachukua kwa nguvu, mpaka mwaka 1938 Muindi Mbingu akaongoza Wakamba hadi Nairobi kulalamika. Sasa huko mjini, mshahara na chumba vilikuwa vimepangiwa mwanamume asiye na familia. Mke abaki kijijini alime. Ilikuwa sera, iliandikwa, ilipigiwa hesabu. Wanaume walilala wengi kwenye chumba kimoja, na Pumwani haikuwa mbali.

Sijui Babu alifanya nini huko, na sitamsingizia marehemu. Nasema tu kwamba nyuma ya jikoni hakuna aliyeitaja Nairobi.

Mwaka 2019, mwezi wa Oktoba, chanjo ya HPV ilizinduliwa rasmi nchini kwa wasichana wa miaka kumi. Jirani zetu wa Kitui walikuwa wameshaijaribu miaka kadhaa kabla. Karatasi ilipokuja nyumbani kutoka shuleni, shangazi yangu aliikunja mara nne. Mjukuu wake ni mtoto, alisema, adungwe sindano ya umalaya ya nini?

"Shangazi," nikamwambia, "Susu alikuwa na wanaume wangapi?"

Alinitazama kana kwamba nimemtukana mama yake, na kwa kweli karibu ningekuwa nimemtukana. Akaendelea kuambua mbaazi. Ungo ukajaa nusu.

"Baba alikuwa anakuja Krismasi," alisema mwishowe. "Na Pasaka, akipewa ruhusa."

Akainuka kutafuta kalamu.