Kinyume, na Somo la Kusoma Kando ya Rufiji

Kabla ya ubao na chaki, pwani yetu ilikwishakuwa na mchezo uitwao kinyume. Mchezaji huitwaa silabi ya mwisho ya neno akaitanguliza mwanzoni: samaki akawa kisama, Rufiji ikawa Jirufi, Kibiti ikawa Tikibi. Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyeishi Unguja, aliueleza mchezo huo katika maandishi yake ya karne ya 19. Wengi waliudhani upuuzi wa watoto. Kumbe asiyejua silabi ilipoanzia na ilipokomea hawezi kuucheza, na ujuzi huo ndio msingi wa kusoma Kiswahili.

Tazama herufi m. Katika “mtoto” inasimama peke yake kama silabi. Katika “mbuzi” imeshikamana na inayofuata. Mwalimu aweza kulieleza jambo hili kipindi kizima bila ya kueleweka. Mtoto wa kinyume husema “tomto” na “zimbu”, na hapo m ya kwanza imebaki na nafasi yake, ya pili haikutengana na mwenziwe. Sikio limetangulia kujua, jicho litafuata.

Historia yetu ya kisomo iliwahi kuukaribia ukweli huu. Baada ya mafuriko ya 1968, Operesheni Rufiji iliwahamisha wakulima wengi kutoka bondeni, kwenye mashamba ya mlau na madungu yao, wakakusanywa vijijini. Mwalimu Nyerere akautangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mafia, ng’ambo ya mdomo wa Rufiji, ikawa miongoni mwa wilaya za kwanza zilizotakiwa kuufuta ujinga wa kusoma na kuandika. Vitabu vya kisomo chenye manufaa vilianza na neno la kazi ya msomaji, la pamba au la uvuvi. Neno likavunjwa silabi, na silabi zikaunda maneno mapya. Nchini kote wasiojua kusoma, waliokuwa kiasi cha asilimia 67 mwaka 1967, walishuka hadi 39 mwaka 1975. Kuvunja neno na kuliunda upya ni kazi ileile ya kinyume, ila kicheko kiliachwa mlangoni.

Kisha likaja Azimio la Musoma, Novemba 1974. Watoto walifurika shuleni, walimu wakaandaliwa kwa haraka. Darasa lililojaa lilikuwa rahisi kuliongoza kwa kuimba pamoja: ba, be, bi, bo, bu. Kuimba si kosa, lakini mtoto aweza kuukariri ukurasa mzima bila ya kuusoma. Dawa ni kumpa neno ambalo hakulitarajia, nalo limetokana na silabi azijuazo.

Hapo kinyume hutoa zawadi, kwani mara nyingine neno lililopinduliwa huzaa neno halisi. Lima huwa mali. Ziwa huwa wazi. Siku huwa kusi. Choma huwa macho. Mtoto wa delta, anayeujua upepo wa kusi kwa tanga la baba yake, akiligeuza neno “siku” na kuukuta upepo huo umejificha ndani, hatasahau silabi zile mbili. Na “kaa” je? Yupo kaa wa matope ya mikokoni, lipo kaa la moto, na ipo amri ya kuketi. Maandishi ni yaleyale. Sentensi ndiyo inayoamua. Hapo mwanafunzi amehama kutoka kutamka hadi kufahamu.

Hata kitendawili kina ukurasa wake. Aliyeshindwa hudaiwa mji. Basi mji huo na uandikwe ubaoni: Utete, Mohoro, Nyamisati. Mtegaji ausome kabla ya kuupokea. Lakini jibu lisichapwe chini ya swali, maana kitendawili chenye jibu mkononi ni mtego uliokwisha kufyatuka.

Washairi nao wana hisa katika jambo hili. Mizani wanayoihesabu katika mshororo ni silabi hizihizi. Mtoto aliyezoea kuzipindua kwa mzaha hatazihesabu kwa vidole atakapoanza kutunga. Tukilalamika kwamba vijana hawasomi tungo zetu, na tuanze kuwarudishia mchezo: jioni hii, mwambie mjukuu wako jina lake kwa kinyume, kisha mpe kalamu aliandike.