Jinsi damu inavyopanda kutoka miguuni

Katika mji wa Rumonge, kusini mwa Bujumbura kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, wanaouza samaki husimama kwa saa nyingi, nao wavuvi wa ndagala hukesha mitumbwini. Si ajabu basi miguu kuwa mizito na vifundo kuvimba kazi inapokwisha. Sababu imo katika mpangilio wa mishipa ya damu.

Damu hutoka moyoni kwa ateri kuu, ambayo hugawanyika mara mbili karibu na usawa wa kitovu. Kila tawi hupita kinenani, huteremka pajani hadi nyuma ya goti, kisha hugawanyika tena kulisha shavu la mguu na wayo. Mapigo yake huweza kuhisiwa juu ya wayo na nyuma ya kifundo, upande wa ndani.

Safari ya kurudi ni ngumu zaidi, kwa kuwa damu hupanda. Hupitia mishipa iitwayo vena: nyingine zi chini ya ngozi, na nyingine, zinazobeba sehemu kubwa ya damu, zimo ndani kati ya misuli. Ndani yake mna vali, mfano wa milango ifungukayo upande mmoja tu. Mtu anapotembea, misuli ya shavu la mguu huziminya vena na kuisukuma damu juu. Inapolegea, vali hujifunga damu isirudi. Ndiyo maana wataalamu huiita misuli hiyo moyo wa pili.

Asiyetikisika hukosa msaada huo. Damu hujikusanya chini, maji huvuja kutoka mishipani, na mguu huvimba. Vali zikidhoofika, vena za juu hutanuka na kujipinda. Kutembea kidogo, kuinua visigino mara kwa mara, na kulala huku miguu imeinuliwa husaidia.

Lakini mguu mmoja ukivimba peke yake, ukauma na kuwa na joto, huenda damu imeganda katika vena za ndani. Mguu huo usikandwe: bonge la damu laweza kung'oka na kwenda kuziba mishipa ya mapafu. Hatari hiyo huongezeka wakati wa ujauzito, katika wiki za baada ya kujifungua, na baada ya upasuaji. Mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Akipungukiwa pumzi ghafla au kuumwa kifua, apelekwe papo hapo.