Kwa nini matangazo ya biashara kwenye televisheni yalikuwa yakipaza sauti?

Unatazama filamu usiku, wahusika wakizungumza kwa sauti ya chini. Ghafla linaingia tangazo la sabuni na nyumba nzima inaamka. Kwa miaka mingi watazamaji wa Marekani na Ulaya walililalamikia jambo hili, huku matangazo hayo yakiwa hayajavuka kikomo chochote. Tatizo lilikuwa kwenye kipimo.

Kilele na wastani

Mafundi mitambo walipima kilele, yaani kiwango cha juu kabisa ambacho sauti haikuruhusiwa kukipita. Lakini sikio halipimi hivyo. Mlio wa bunduki kwenye filamu hufika kileleni mara moja, kisha hupotea. Watengenezaji wa matangazo waliibana sauti: sehemu za chini zilipandishwa zikakaribia kilele, zikabaki huko kwa sekunde zote 30. Kilele kilikuwa kilekile, ila wastani ulikuwa juu mno.

Kipimo kipya

Mwaka 2006, ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, lilichapisha BS.1770, njia ya kupima ukubwa wa sauti kwa kukaribia jinsi sikio linavyosikia. Mwaka 2010, Umoja wa Utangazaji wa Ulaya, EBU, uliweka kiwango cha R 128: wastani wa kila kipindi na kila tangazo uwe hasi 23 LUFS. Marekani hutumia hasi 24. Tangazo lililobanwa hushushwa lote, hivyo kubana hakuna faida tena.

Sheria

Ulaya ilianza na mwongozo wa kitaalamu. Marekani ilitunga sheria. Mswada wa mbunge Anna Eshoo, uliopewa jina la CALM, neno la Kiingereza lenye maana ya utulivu, ulitiwa saini na Rais Barack Obama Desemba 2010. Kanuni zake zilianza kutumika Desemba 2012.

Kilichobaki

Sheria hiyo iliandikwa kwa ajili ya televisheni ya kawaida na ya kebo, si huduma za video za intaneti. Jimbo la California lilipitisha sheria yake kuhusu huduma hizo mwaka 2025. Vilevile, wastani hauondoi kila mshtuko: filamu yenye milipuko na minong'ono inaweza kutimiza kiwango, na tangazo likiingia baada ya mnong'ono bado litasikika kubwa.