Ngazi ya moja kwa moja: uzuri unaoanza na hesabu

Ngazi ya moja kwa moja ni ile inayopanda kutoka sakafu moja hadi nyingine kwa mstari mmoja, bila kupinda wala kuzunguka. Ni miongoni mwa ngazi zilizo rahisi zaidi kuchora na kujenga, na katika nyumba nyingi za kisasa imekuwa pia pambo la sebule. Hata hivyo, vipimo vya vidato vyake vikikosewa, hata kwa sentimita chache tu, pambo hilo hugeuka kuwa hatari ya kila siku kwa wakazi wa nyumba.

Hatari hiyo si ndogo. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa watu 684,000 hufariki dunia kila mwaka kutokana na kuanguka kwa namna mbalimbali, idadi inayozidiwa na ile ya ajali za barabarani pekee miongoni mwa vifo vya ajali. Zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na wazee ndio wanaoathirika zaidi.

Kanuni ya Blondel

Kila kidato kina vipimo viwili vikuu: kimo, yaani urefu wa kupanda kutoka kidato kimoja hadi kingine, na kina, yaani upana wa sehemu inayokanyagwa na mguu. Katika karne ya 17 msanifu majengo wa Ufaransa, François Blondel, alichapisha kanuni inayounganisha vipimo hivyo na hatua ya binadamu. Alieleza kwamba kimo kikizidishwa mara mbili, kisha kujumlishwa na kina, jumla yake inapaswa kulingana na hatua moja ya mtu anayetembea kwa kawaida, ambayo kwa vipimo vya Ufaransa ya wakati huo ilikuwa takriban sentimita 65.

Kanuni hiyo ingali inatumika, ingawa wasanifu wengi wa leo hukusudia jumla ya kati ya sentimita 60 na 64. Kidato chenye kimo cha sentimita 17 na kina cha sentimita 28 hutoa jumla ya 62, nacho hupandika bila taabu.

Kanuni za ujenzi za England huruhusu kimo cha hadi sentimita 22 na kina kisichopungua sentimita 22 katika ngazi za nyumba binafsi, mradi mwinuko wa ngazi usizidi nyuzi 42. Nchini Marekani, kanuni ya makazi ambayo majimbo mengi huifanya kuwa msingi huweka kikomo cha kimo kuwa takriban sentimita 19.6, na kina kisichopungua sentimita 25.4. Hivyo ni vikomo vya kisheria. Ngazi iliyo starehe huwa na mwinuko mdogo zaidi.

Muhimu kuliko yote ni vidato kulingana. Mguu hujifunza kimo cha kidato katika hatua mbili tatu za mwanzo, kisha huendelea bila macho kuusaidia. Waswahili husema mwenda pole hajikwai, lakini kwenye ngazi yenye kidato kimoja kilichozidi vingine, hata mwenda pole hujikwaa.

Nafasi kabla ya zege

Ngazi ya moja kwa moja inahitaji urefu. Nyumba ambayo sakafu ya juu iko mita 3.06 kutoka sakafu ya chini huhitaji vimo 18 vya sentimita 17. Kwa kuwa kimo cha mwisho huishia kwenye sakafu ya juu yenyewe, sehemu za kukanyaga huwa 17. Kila moja ikiwa na kina cha sentimita 28, ngazi hiyo huchukua mita 4.76 za sakafu, bila kuhesabu nafasi ya kusimama mwanzoni na mwishoni mwake.

Nafasi ya kichwa nayo husahauliwa mara nyingi. England hutaka mita mbili kamili kati ya kidato na dari iliyo juu yake. Katika mfano huo, slabu ikiwa na unene wa sentimita 15, tundu linaloachwa kwenye slabu linapaswa kuwa na urefu wa mita 3.6 hivi. Likiachwa fupi, mtu mrefu atagonga kichwa kila ashukapo, na kulirefusha baada ya zege kukauka ni kukata nondo zinazobeba nyumba.

Kosa jingine hutokea wakati wa kumalizia. Fundi humwaga ngazi kwa vipimo sahihi, kisha sakafu ya chini huwekwa saruji na vigae vyenye unene wa sentimita tano, huku vidato vikipakwa rangi tu. Kidato cha kwanza hupungua kimo kwa sentimita hizo tano. Sakafu ya juu ikiwekewa tabaka kama hilo, kidato cha mwisho nacho huongezeka kwa kiasi hicho hicho. Dawa yake ni kupima kimo kutoka usawa wa sakafu iliyokamilika, si kutoka kwenye zege tupu.

Mitindo ya kisasa

Zege la nondo ndilo linalotumika zaidi Afrika Mashariki, kwani mafundi wamelizoea na ngazi hufungwa pamoja na slabu. Linaweza kuachwa wazi na kung'arishwa, kuwekwa terazo au kufunikwa kwa mbao ngumu. Vigae vinavyong'aa hupendeza, ila huteleza vikilowa; kingo za vidato huhitaji mistari yenye mkwaruzo, ikiwezekana ya rangi tofauti ili macho yazione.

Mtindo wa pili ni boriti moja ya chuma katikati, huku mbao nene zikikaa juu yake bila kuzibwa nyuma. Mwanga hupita kati ya vidato na chumba kidogo huonekana kikubwa. Nyumba yenye watoto hulazimika kupunguza uwazi huo: England hairuhusu nafasi inayoweza kupitisha mpira wa kipenyo cha sentimita 10.

Mtindo wa tatu ni vidato vinavyochomoza ukutani kana kwamba vinaelea. Mfano unaojulikana sana umo katika nyumba ya msanifu Luis Barragán mjini Mexico City, iliyokamilika mwaka 1948 na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2004. Ngazi ya maktaba yake ni ya mbao zilizochomekwa ukutani, bila reli. Ni nzuri kutazama, lakini kanuni nyingi za leo zisingeikubali katika nyumba mpya. Vidato vya aina hiyo huhitaji hesabu za mhandisi na chuma kilichofichwa ndani ya ukuta. Ukuta wa tofali za kawaida pekee hauaminiki kuvibeba.

Reli, mwanga na umri

Reli ya kushikilia huwekwa England kwenye kimo cha kati ya sentimita 90 na 100. Vyuma vya pua vilivyolazwa kwa mlalo vimeenea mno katika nyumba mpya, lakini mtoto huvipanda kama ngazi nyingine. Vyuma vilivyosimama wima, au kioo kilichotengenezwa kwa usalama, ni salama zaidi. Taa nayo iwe na swichi mbili, moja chini na moja juu, ili asiwepo wa kushuka gizani.

Ngazi hii ina kasoro moja ya kimaumbile: anayeteleza juu anaweza kuporomoka hadi chini, kwa kuwa hakuna kona ya kumzuia. Penye nafasi, ubapa wa kupumzikia katikati hupunguza hatari hiyo na kuwapa wazee mahali pa kuvuta pumzi. Kwa upande mwingine, ngazi iliyonyooka ni rahisi kuwekewa kiti cha umeme cha kumpandisha asiyejiweza, kwa sababu reli yake haina haja ya kukunjwa kwa vipimo maalumu.

Kwa Waafrika Mashariki wanaojenga nyumbani wakiwa ughaibuni, picha ya ngazi hutumwa kwa fundi mara moja tu, lakini vimo, kina na urefu wa tundu huhitaji kuandikwa kwenye mchoro na kuhakikiwa kwa futi kabla ya zege kumwagwa. Rangi, mbao na kioo vinaweza kubadilishwa baada ya miaka kumi. Vimo vya vidato vya zege haviwezi kubadilishwa bila kubomoa, na watakaovipanda kila siku huenda wakawa wazazi waliojengewa nyumba hiyo.